Dawa ya lehemu si dozi ya malaria

Kanda ya Ziwa tumekua na neno dozi. Mtoto akiumwa malaria, mama anajua kuwa dawa mseto ni ya siku tatu. Mtu mzima anameza vidonge 24 na shughuli imekwisha. Kifua kikuu ni miezi sita. Minyoo ni mara moja. Kwa hiyo mchimbaji wa Nyarugusu mwenye miaka 41 anaporuhusiwa hospitali baada ya shambulio la moyo, mkononi ana mfuko wa vidonge vya siku 30, anafanya kile alichofundishwa tangu utotoni. Anavimaliza, anamshukuru Mungu, anarudi kwenye duara.

Miezi sita au mwaka baadaye kifua kinabana tena, na safari hii huenda hafiki hospitali.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa la mgonjwa wa moyo aliye kijana katika mikoa ya Shinyanga na Geita si uhaba wa wataalamu peke yake, ingawa upo. Ni kwamba tunamwokoa, kisha tunamwachia apotelee nyumbani. Hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa kwamba dawa ya lehemu haina mwisho, na hakuna aliyempa namba ya kufuatilia.

Lehemu ndiyo kolesteroli, ile ambayo mitaani tunaiita mafuta kwenye damu. Sehemu kubwa yake haitoki kwenye sahani. Hutengenezwa na ini lako mwenyewe, maana mwili unaihitaji. Shida huanza pale aina moja, inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, inapozidi na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Utando hujengeka humo taratibu kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Siku utando unapopasuka, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya misuli ya moyo hufa. Ndiyo maana mtu anaweza kubeba mawe asubuhi na kuanguka jioni.

Madaktari husema ugonjwa huu umewahi mno unapompata mwanamume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya miaka 65. Wengi wetu bado tunadhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini na wazee wenye vitambi. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 2019 unatakiwa kutuamsha. Watafiti waliwachunguza watu waliofika kitengo cha dharura wakilalamikia maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, wakakuta zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo na waliowahudumia. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa wamefariki. Hiyo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Sasa fikiria zahanati ya pembezoni mwa Mbogwe, ambako maumivu ya kifua huishia kwenye sindano ya vidonda vya tumbo au dawa ya nimonia.

Kwa hiyo aliyetambuliwa, akatibiwa Bugando au Chato, au akafikishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na kuwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi, huyo ni mtu mwenye bahati. Lakini stenti hufungua sentimita chache za mshipa mmoja. Lehemu inapita kwenye mishipa yote.

Dawa inayofanya kazi hapo ni ya kundi la statini. Atovastatini na rosuvastatini ndizo zinazotumika zaidi kwa mtu aliyekwisha kuumia moyo. Zinapunguza kiasi cha lehemu ambacho ini linatengeneza, na kulifanya ini livute LDL kutoka kwenye damu. Si dawa mpya wala ya majaribio. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliowahusisha wagonjwa wa moyo 4,444: waliotumia simvastatini, ndugu yake mkubwa atovastatini, walipungukiwa vifo kwa asilimia 30 katika miaka zaidi ya mitano. Wala si dawa ya kampuni moja tena. Hataza ya atovastatini iliisha Marekani mwaka 2011, na leo inatengenezwa na viwanda vingi.

Tatizo ni namna tunavyoitumia. Kwa mgonjwa wa moyo kijana, dozi inayotakiwa kwa kawaida ni kubwa: atovastatini miligramu 40 hadi 80, au rosuvastatini 20 hadi 40. Kiasi hicho hushusha LDL kwa nusu au zaidi. Mgonjwa anaanzishiwa 40 Mwanza, anarudi Katoro, vidonge vinaisha, famasi iliyo jirani ina vya 10, anapewa hivyo kwa maelezo kwamba ni dawa ileile. Ni dawa ileile, lakini kazi si ileile. Ukikuta vya miligramu 10 tu, usikubali kimyakimya. Mpigie aliyekuandikia au rudi kliniki uulize umeze vingapi.

Na sasa ile namba. Omba uandikiwe LDL yako kwenye daftari. Kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka LDL iwe chini ya 1.4 mmol/L na iwe imeshuka angalau nusu ya pale ilipoanzia. Wengine wanakubali chini ya 1.8. Maabara nyingine huandika kwa kipimo cha mg/dL, usishtuke: 1.4 ni kama 55, na 1.8 ni kama 70. Usitosheke na karatasi iliyogongwa neno "kawaida", kwa sababu kiwango cha kawaida kinachochapwa pembeni ni cha mtu mzima asiye na ugonjwa. LDL ya 3.0 kwa jirani yako inaweza kuwa sawa. Kwako wewe ni kubwa mno.

Kipimo kirudiwe kati ya wiki ya nne na ya 12 tangu kuanza dawa au kubadilisha dozi, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Na kwa wanaosafiri tangu alfajiri kutoka Nyang'hwale bila kula: kwa kipimo cha kawaida cha lehemu, kufunga si lazima tena, isipokuwa daktari amekuagiza. Wataalamu wa Ulaya walilikubali hilo tangu mwaka 2016. Kunywa chai yako.

Kama namba haijafika, kuongeza dozi maradufu hakusaidii sana, huongeza takribani asilimia sita tu. Kinachofaa zaidi ni kuongeza dawa ya pili, ezetimibe, ambayo huzuia lehemu isifyonzwe kwenye utumbo na kushusha LDL kwa karibu asilimia 20 zaidi. Haipatikani kila mahali, lakini mgonjwa asiyejua kuwa ipo hawezi kuiulizia.

Watu wa mikoa hii hawashindwi kufuata dawa ya maisha. Kwenye kliniki za CTC, mkulima wa pamba wa Kishapu na mama lishe wa Kakola wanameza ARV kwa miaka 15 bila kukosa. Wana kadi, wana tarehe ya kurudi, wanapewa dawa za miezi kadhaa, asipofika hupigiwa simu, na wingi wa virusi unapimwa. Hata ambaye hakumaliza darasa la saba anajua maana ya kuambiwa virusi havionekani. Hakuna anayesema, "Nimemaliza dozi ya ARV." Sioni sababu ya LDL isifuatiliwe hivyo hivyo.

Najua jibu litakalokuja, kwamba ARV hutolewa bure na zilijengewa mfumo kwa fedha za wafadhili, wakati mgonjwa wa moyo anatoa hela mfukoni au anategemea bima. Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini kadi, tarehe ya kurudi, simu moja na maelezo ya dakika tano kabla ya mgonjwa kuruhusiwa havihitaji mfadhili wa nje. Hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita zina kliniki za shinikizo la damu na kisukari. Mgonjwa wa lehemu aingizwe humo humo, na mashine ya maabara isikose vitendanishi vya LDL. Kwa watu wa Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limefupisha safari ya Bugando, lakini si sawa mtu avuke ziwa kwa ajili ya kupima mafuta.

Nina neno pia kuhusu kambi za upimaji bure. Kwenye maonesho ya madini Geita na kwenye mikutano mingine watu hupanga foleni kupima presha na sukari, na ni jambo jema. Ila mtu anapoambiwa lehemu yake iko juu kisha akapewa kipeperushi, hajatibiwa. Apewe jina la kliniki na siku ya kwenda. Migodi mikubwa hupima afya za waajiriwa wake kwa vipindi. Maelfu ya wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Mgusu hawana anayewapima, na ndio wanaohama na mahema kila rashi mpya inapotangazwa. Kwao nashauri jambo dogo: kabla ya kufuata rashi, nunua vidonge vya miezi mitatu, uviweke mahali pakavu. Anayefanya kazi usiku asihangaike na saa. Atovastatini na rosuvastatini humezwa wakati wowote ilimradi uwe uleule kila siku. Simvastatini ndiyo humezwa jioni. Ukisahau siku moja, endelea kesho kama kawaida, usimeze mara mbili.

Kwa nini watu huacha? Sababu ya kwanza ni kwamba wanajisikia vizuri. Mkanganyiko mwingine tunausababisha sisi wenyewe: kati ya dawa anazopewa aliyewekewa stenti, kuna moja ya kuzuia damu kuganda ambayo mara nyingi husimamishwa baada ya mwaka. Mgonjwa akisikia "hii basi", anadhani ni mfuko mzima.

Sababu ya pili ni maumivu ya misuli. Yapo, lakini si kwa kiasi kinachosemwa vijiweni. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2020 uliwachukua watu waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Wakapewa kwa zamu vidonge vyenye dawa na vidonge vitupu bila kujua ni vipi. Takribani asilimia 90 ya kero walizozipata wakimeza dawa walizipata pia wakimeza vitupu. Anayeshinda akipiga nyundo shimoni ataumwa misuli hata bila kidonge. La kuogopa ni misuli inayouma vikali na kulegea huku mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia. Hapo simamisha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Mengine yote yazungumzwe kliniki, dozi inaweza kushushwa au dawa kubadilishwa.

Mikoa yetu ina jambo ambalo miongozo ya Ulaya hailitilii mkazo. Kifua kikuu ni kingi machimboni, na rifampisini iliyomo kwenye dawa zake hupunguza nguvu ya statini nyingi. Anayetumia dawa za VVU za mstari wa pili zenye ritonavir hatakiwi kabisa kumeza simvastatini, misuli yake inaweza kuharibika. Klarithromaisini, inayonunuliwa kwa kifua au vidonda vya tumbo, nayo ni hatari pamoja na simvastatini. Mwambie kila anayekuandikia dawa kuwa unatumia statini. Na anayeishi na VVU asidhani haya hayamhusu: hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni kama mara mbili ya wengine, na utafiti wa kimataifa wa mwaka 2023 wenye washiriki 7,769 ulionyesha kuwa statini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwao kwa asilimia 35. Mama anayepanga kupata ujauzito naye amwone daktari kabla, kwa kawaida dawa hii husimamishwa kwa kipindi hicho.

Sababu ya tatu ni wauza "kusafisha mishipa". Vitunguu saumu, ndimu, mlonge, maji ya moto asubuhi. Sina ugomvi na kitunguu saumu, ni kiungo kizuri. Lakini hakuna mchanganyiko wa chupa ya soda utakaoishusha LDL kwa nusu.

Chakula kina nafasi yake. Punguza samli, mafuta ya nyama, kitimoto, ngozi ya kuku na supu ya kongoro ya kila asubuhi. Dengu, choroko, mlenda, dagaa na samaki wa ziwani ni vyakula vya nyumbani na vinafaa. Usidanganywe na chupa ya mafuta iliyoandikwa kuwa haina kolesteroli. Hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya maana, hata mawese, na bado karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yanayopandisha LDL mwilini. Alizeti ni bora zaidi. Hata hivyo chakula peke yake, kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio, hakitoshi. Sigara ni habari nyingine: kwa vijana ndiyo mshitakiwa wa kwanza, na mgonjwa wa moyo anayeiacha hupunguza hatari ya kufa kwa takribani theluthi moja. Hakuna kidonge kinachoishinda kwa gharama.

Nimeacha la ukoo liwe la mwisho kwa sababu ndilo zito. Baba alianguka akiwa na miaka 44. Kaka mkubwa, 39. Sasa ni mdogo, mwenye duara linalotoa. Katika vijiji vyetu sentensi hizo tatu zinatosha kuanzisha kikao, na kikao kinatosha kumtaja mtu. Wapo watakaosema ni masharti ya dhahabu, wapo watakaomtazama bibi mwenye macho mekundu. Shinyanga na Geita tunajua mauaji ya vikongwe yalivyotuachia makaburi ya watu wasio na hatia. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe.

Vifo vya namna hiyo vikifuatana katika familia, moja ya mambo ya kwanza kupima ni lehemu ya kurithi. Duniani inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya takribani 300. Mwenye nayo huzaliwa na ini lisiloweza kuondoa LDL vizuri, hata akiwa mwembamba na anakula mlenda. LDL ikizidi 4.9 mmol/L bila sababu nyingine, daktari anatakiwa kuifikiria. Dalili za nje huonekana kwa baadhi tu: kano nene na ngumu juu ya kisigino, mabaka ya njano kwenye kope, au duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho kabla ya miaka 45. Kila mtoto wa mzazi mwenye lehemu hii ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, wa kike sawa na wa kiume.

Kuna watu wenye urithi wa kinyume, na kisa chao kinaonyesha kwa nini naling'ang'ania neno maisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia Wamarekani weusi kwa miaka 15. Wachache miongoni mwao walizaliwa na badiliko katika jeni iitwayo PCSK9, LDL yao ikawa chini kwa asilimia 28 tu kuliko ya wenzao. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Kupungua kidogo, lakini tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo mzazi uliyepata shambulio la moyo ungali kijana, au uliyeambiwa LDL yako imepita 4.9, usiende kliniki peke yako. Waambie ndugu zako wa damu wapime. Mtoto wa familia yenye lehemu ya kurithi anaweza kupimwa kuanzia miaka mitano, na ikithibitika, dawa huanza kati ya miaka minane na kumi chini ya daktari wa watoto. Mtoto mwenye vinundu vya njano kwenye viwiko, magoti au makalio asipakwe dawa ya masundosundo. Apelekwe hospitali mapema, maana huenda amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na moyo wa mtoto wa namna hiyo huumia hata kabla ya kuvunja ungo au kubalehe.

Wazazi wengi huogopa kumpa mtoto kidonge cha kila siku. Uholanzi waliwafuatilia kwa miaka 20 watoto 214 wenye lehemu ya kurithi walioanza statini utotoni au ujanani. Walipofika umri wa miaka 39, asilimia moja tu walikuwa wamepata tukio la moyo au mishipa. Kwa wazazi wao wenye lehemu hiyohiyo, ambao walipokuwa watoto dawa hii haikuwepo, katika umri uleule ilikuwa asilimia 26.